Hesabu ya Desemba ni hesabu ya kukauka

Mwenye kampuni ndogo ya usafi Dar es Salaam akiulizwa Desemba anaweza kuhudumia nyumba ngapi kwa siku, mara nyingi huhesabu vijana na mashine. Vijana sita, mashine mbili, basi nyumba sita. Hesabu hiyo inafaa wakati wa kipupwe, Julai na Agosti, sofa iliyosafishwa asubuhi inapokaliwa jioni. Desemba mambo ni mengine. Mvua za vuli huenda bado zinanyesha, hewa ya pwani imejaa unyevu, na mteja anategemea wageni kesho kutwa. Kinachoamua idadi ya kazi unazoweza kupokea ni muda ambao kitambaa, zulia na godoro vitachukua kukauka. Ukipokea kazi nyingi kuliko uwezo wako wa kukausha, umeuza uvundo, na simu za lawama zitaanza kuingia tarehe 23, siku ambayo huna nafasi ya kurudi kwa mtu yeyote.

Tuanze na uwanja wa mazulia, maana hapo hesabu inaonekana kwa macho. Mazulia mengi ya sebuleni siku hizi ni yale ya manyoya marefu ya poliesta, mita 2 kwa 3 au zaidi. Hayasafishiki vizuri palepale sebuleni. Hubebwa, hufuliwa uwanjani, huanikwa kwenye mabomba. Tuseme una mabomba 6 na kila moja linabeba mazulia 2. Nafasi zako ni 12. Wakati wa jua zulia linakaa bombani siku 2, kwa hiyo unapokea mazulia 6 kwa siku bila kurundika. Mvua ikikolea, zulia lilelile linakaa siku 4. Uwezo umeshuka hadi mazulia 3 kwa siku, ingawa vijana ni walewale na sabuni ni ileile. Ukiendelea kupokea 6, ifikapo siku ya tano utakuwa na mazulia 15 yaliyolowa na yasiyo na pa kuanikwa. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilichokunjwa kikiwa kibichi.

Panga Desemba nzima kwa uwezo wa siku ya mvua. Jua likitoka, chukua kazi za nyongeza za siku hiyo, lakini usiahidi jua ambalo hujaliona. Kuezeka sehemu ya uwanja kwa mabati angavu ya plastiki kunasaidia sana, ili mradi pembeni pabaki wazi. Ukiziba kuta, unyevu unaotoka kwenye mazulia unabaki humohumo na kazi inasimama. Weka feni mbili zinazopuliza sambamba na mazulia, hewa ipite juu ya uso wa zulia na itokee upande wa pili.

Kabla zulia halijaguswa na maji, lipige vumbi likiwa kavu, limegeuzwa mgongo juu, kisha livute vumbi kwa mashine pande zote mbili. Vumbi likikutana na maji huwa tope, na tope hushuka chini kwenye shina la manyoya ambako brashi haifiki. Wengi huruka hatua hii Desemba kwa sababu ya haraka, halafu wanatumia maji mara mbili kulisuuza. Sugua kwa brashi laini kufuata ulalo wa manyoya, suuza mpaka maji yatoke bila povu, kisha sukuma maji kwa mpira wa kukaushia sakafu kutoka katikati kwenda ukingoni. Dakika kumi za kusukuma maji zinaokoa saa nyingi bombani. Mazulia yenye mgongo wa gundi yasilowekwe muda mrefu, kwa kuwa gundi hulegea na mgongo huanza kubanduka. Bomba la chuma lisilopakwa rangi huacha mstari wa kutu katikati ya zulia jeupe, hivyo livishe bomba la plastiki. Kupima kama limekauka, shika pindo na mgongo kwa nyuma ya kiganja. Manyoya hukauka kwanza na hudanganya.

Kila zulia lipigwe picha pande zote mbili mbele ya mteja, lipimwe, na lifungwe kitambulisho kisichofutika kwa maji: namba, jina la eneo, tarehe ya kurudisha. Madoa ya zamani na pindo zilizofumuka ziandikwe siku hiyo. Mazulia ya kijivu ya mita 2 kwa 3 yanafanana mno, na mwezi huu utakuwa nayo mengi kwa mpigo.

Sofa, kiti kimoja kwa wakati

Sofa ndiyo kazi inayolipa zaidi mwezi huu na ndiyo inayoharibika kirahisi. Makosa karibu yote yana chanzo kimoja: maji mengi yaliyoingia kwenye sponji. Mashine ya kunyunyiza na kunyonya huondoa maji yaliyo kwenye kitambaa na juujuu ya sponji. Yaliyozama chini yatatoka yenyewe kwa kasi yake, na yakitoka yanabeba uchafu wa ndani hadi juu. Ndiyo maana doa lililokuwa limepotea jana linaonekana tena leo, na kitambaa cha pamba au kitani kinapata rangi ya kahawia. Wateja husema hamkusafisha. Kumbe mlisafisha, ila mlilowesha kupita kiasi.

Utaratibu unaofaa ni huu. Vuta vumbi kwanza, hasa kwenye mikunjo. Jaribu rangi mahali pasipoonekana: paka dawa, subiri dakika kumi, bonyeza kitambaa cheupe. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, achana na maji na umweleze mwenye nyumba. Tazama pia lebo chini ya mto, kama ipo: herufi W ina maana maji yanaruhusiwa, S ni dawa zisizo na maji tu, WS ni zote mbili, X ni kuvuta vumbi peke yake. Nyunyiza dawa juujuu, sugua kwa brashi laini, iache dakika tano hadi kumi bila kukauka. Kisha suuza na kunyonya: mpito mmoja wa maji, mipito mitatu ya kunyonya bila maji. Ukiona maji bado yanapanda kwenye bomba angavu la mashine, rudia kunyonya. Vijana waliochoka hukata hapo hapo, na msimamizi aliye makini hukagua hapo hapo.

Malizeni kiti kimoja kabisa kabla ya kugusa kingine. Wapo wanaonyunyizia dawa seti nzima ya viti saba ili "iive", kisha umeme unakatika. Sasa una viti saba vilivyolowa, giza, na mashine isiyowaka. Ukienda kiti kwa kiti, umeme ukikatika kilicholowa ni kimoja, na hicho unaweza kukikandamiza kwa mataulo makavu mpaka urudi. Kwa kitambaa cha mahameli, lalisha manyoya upande mmoja kwa brashi kikiwa bado kibichi, la sivyo kitakauka na mabaka.

Ukimaliza, simamisha mito kwa ukingo wake, isigusane. Usiifue mifuko yake kwenye mashine ya nguo hata kama ina zipu, kwani hujikunja na haiingii tena kwenye sponji. Kuhusu madirisha, ushauri wa siku zote ni kuyafungua, lakini siku ya mvua hewa ya nje ina unyevu kuliko ya ndani. Nyumba yenye kiyoyozi, funga madirisha, kiwashe, na uweke feni. Kiyoyozi kinakamua maji hewani na kuyatoa nje kwa bomba lake. Mwachie mteja maelekezo hayo kwa maandishi kwenye WhatsApp pamoja na saa ya kuanza kukalia, maana dada wa nyumbani huenda akazima kila kitu mara tu mnapotoka getini.

Godoro ni gumu zaidi. Sponji yake ni nene, springi zake zikipata maji hushika kutu, na usiku mtu atalala juu yake. Tumia povu au mvuke mchache juujuu tu, nyonya mara nyingi, lisimamishe ukutani na feni mbele yake. Doa la mkojo lililozama halitaisha kwa ziara moja, na ni haki mteja aambiwe kabla hajalipa.

Maji ya chumvi na umeme wa LUKU

Maji yanastahili uangalizi kuliko sabuni. Maeneo mengi ya Dar nyumba hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi ikibaki kwenye kitambaa huvuta unyevu wa hewani, na sofa inaonekana haikauki hata baada ya siku mbili. Chumvi hiyohiyo huacha ukungu mweupe kwenye vioo na huziba tundu za kunyunyizia za mashine. Waulize wateja mapema: maji yenu ni ya bomba au kisima? Wakijibu kisima, kwa seti ya viti saba beba madumu mawili hadi matatu ya lita 20 ya maji yasiyo na chumvi, angalau kwa mpito wa mwisho. Vioo pia vimaliziwe kwa maji hayo. Uwanjani, hakikisha simtanki imejaa kabla ya wiki ya pili ya Desemba na uwe na mtu wa boza la maji mliyekwishakubaliana bei.

Umeme, uliza mambo mawili. La kwanza, LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti ngapi? Mashine ya wati 2,400 inakula uniti 2.4 kwa saa ikifanya kazi mfululizo, na ukiongeza feni na kiyoyozi, uniti tano zinaisha mchana. La pili, soketi iko umbali gani? Waya wa kurefushia uwe wa milimita mraba 2.5 na ukunjuliwe wote kwenye kibiringo chake. Waya uliobaki umezungushwa hupata moto na kuyeyuka. Mashine ya wati 2,400 peke yake inavuta takriban ampea 10.4 kwenye volti 230, kwa hiyo usichomeke mashine mbili kwenye soketi moja ya ampea 13.

Mashine zikaguliwe Novemba, kwa kuwa mafundi nao wanajaa Desemba. Kipimo rahisi cha nguvu ya kunyonya: weka lita 20 za maji kwenye ndoo, nyonya zote, andika sekunde. Rudia kila wiki. Muda ukiongezeka, tafuta bomba lililopasuka, mpira wa mfuniko uliokauka, au chujio lililoziba kabla hujalaumu mota. Weka akiba ya brashi za kaboni za mota, mipira ya viungo, vichwa viwili vya kunyunyizia, chujio na bomba moja zima la kunyonya. Kichwa kikiziba kwa chumvi, kiloweke kwenye siki usiku mmoja. Usikitoboe kwa sindano, maana tundu likipanuka mashine itamwaga maji mengi kuliko unavyotaka.

Mota nyingi zinaungua kwa sababu ya povu. Sofa iliyowahi kusafishwa na watu wasiosuuza ina sabuni nyingi ndani, na ikikutana na maji inafura kwenye tangi la maji machafu. Kizibo kinachoelea ndani ya tangi hilo kimetengenezwa kuzuia maji, lakini povu linapita pembeni yake na kuingia kwenye mota. Weka dawa ya kuua povu kidogo kwenye tangi kabla ya kuanza na mwaga tangi likifika nusu.

Dawa na vipimo vyake

Nunua kwa hesabu. Timu moja inayofanya kazi 3 kwa siku kwa siku 20 ina kazi 60. Dawa inayochanganywa 1 kwa 40 inatumia karibu nusu lita kwa dumu la lita 20. Ukikadiria dumu moja kwa kila kazi, ni lita 30. Ongeza robo kwa dharura, unapata lita 37.5, yaani madumu mawili ya lita 20. Wape vijana vikombe vya kupimia na wakemewe wakimimina kwa macho. Dawa ikizidi haisafishi zaidi. Inabaki kwenye kitambaa, inanata, na sofa inachafuka upya kabla ya Januari kuisha.

Dawa za klorini ni kinyume chake: usizirundike. Hupoteza nguvu kwa joto na mwanga, na stoo ya bati mwezi wa Desemba ni joto tupu. Nunua za wiki mbili, zikae kivulini kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Kwa kuua vijidudu kwenye vyoo na sakafu, dawa ya 3.5% ichanganywe sehemu 1 kwa 34 za maji ili upate 0.1%. Kwa ndoo ya lita 10 ni kama mililita 285. Sugua kwa sabuni na suuza kwanza, kisha paka klorini na uiache dakika kumi, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijafanya kazi.

Klorini na dawa ya choo yenye asidi visikutane kamwe, hata kwenye ndoo ambayo haijasuuzwa. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha linaweza kumuumiza kijana vibaya sana. Hali kadhalika klorini na dawa za vioo zenye amonia. Asidi hiyo, na hata siki, isiguse marumaru ya jiwe halisi wala terazo: inakula chokaa na kuacha alama zisizong'aa ambazo hazifutiki, zinahitaji kusagwa upya. Vitambaa vya mikrofaiba vigawanywe kwa rangi, vyekundu vyooni, kijani jikoni, bluu kwingineko, na visifuliwe kwa klorini wala dawa ya kulainisha nguo.

Vijana nao wana Krismasi

Wafanyakazi wa muda waajiriwe mapema Novemba na wafundishwe kwenye kazi halisi, mgeni mmoja katikati ya wazoefu wawili. Kila mmoja awe na nakala ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na mdhamini anayefikika. Ni watu wanaoingia vyumbani mwa watu.

Likizo zijadiliwe Oktoba na ziandikwe. Timu nyingi za Dar zina Waislamu na Wakristo, na wamezoea kubadilishana: anayeshika zamu ya Krismasi ndiye atakayepumzika Idi. Utaratibu huo ni mzuri, lakini haufuti sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Muda wa ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, hauzidi saa 50 kwa wiki nne, na kwa siku moja mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa ujumla. Sikukuu hulipwa maradufu. Desemba ina tarehe 9, 25 na 26, kwa hiyo bei ya kazi za siku hizo iwe imebeba malipo hayo tangu unapomtajia mteja. Kijana aliyefanya kazi saa 14 ndiye anayekata mpito wa tatu wa kunyonya, na hasara yake inarudi kwako kama sofa inayonuka.

Ratiba igawanywe kwa maeneo. Siku ya Kigamboni iwe ya Kigamboni peke yake, siku ya Mbezi Beach na Tegeta iwe yao. Kutoka Goba kwenda Tabata na kurudi Mikocheni siku moja ya Desemba ni kumlipa dereva wa kirikuu, gari dogo la mizigo, akae kwenye foleni. Mpe mteja nafasi ya saa mbili, kwa mfano kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na utume ujumbe mnapoondoka kituo kilichotangulia. Malipo ya awali kwa lipa namba ndiyo yanayoshika tarehe. Asiyelipa hana nafasi, hata awe mteja wa miaka mingi, na hili litamkwe kwa upole na usawa kwa wote.

Tarehe za mwisho zitangazwe wiki ya mwisho ya Novemba, na zifuate ukaukaji. Tunapendekeza magodoro yaishie tarehe 15, mazulia ya kubeba tarehe 17, sofa tarehe 21. Tarehe 22 hadi 24 baki na vioo, jikoni, vyoo na sakafu, kazi zisizohitaji kusubiriwa zikauke. Mteja akilia siku ya 23 kuhusu sofa, mpe huduma ya kuvuta vumbi na kutoa madoa machache, usimpe maji.

Familia nyingi husafiri kuanzia tarehe 20, hasa kwenda Kilimanjaro. Hawa wataomba muoshe sofa asubuhi ya safari ili wakute nyumba safi. Kataa. Nyumba itafungwa, feni zitazimwa, na watakaporudi watakuta ukungu. Wapangie Januari, kabla shule hazijafunguliwa, wakati wapo na wanaweza kuacha feni ziwake.

Wenye timu Moshi wana kazi ya namna nyingine. Nyumba za Machame, Marangu na Rombo ambazo zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka zianze kushughulikiwa wiki ya kwanza ya Desemba, kwa kuwa mlimani kuna baridi na kitambaa hukauka polepole zaidi kuliko mjini. Kinyesi cha popo na panya kisifagiliwe kikavu. Kinyunyiziwe klorini kwanza, kiachwe kilowe, kisha kiokotwe kwa glovu na barakoa. Tangi la maji limwagwe, lisuguliwe, lijazwe upya na kutiwa lita 1.5 ya klorini ya 3.5% kwa kila lita 1,000. Fungua kila bomba la nyumba mpaka harufu ya klorini itoke, yafunge, acha usiku kucha, kisha mwaga na suuza kabla ya kujaza maji ya kutumia. Mweleze mwangalizi wa nyumba kwamba maji hayo ya kwanza si ya kunywa wala ya kunyweshea ng'ombe, na uandike kibao kwenye bomba la nje.